Pete za Koche

Barking, London
9 Machi 1997

Kwa mpenzi Baba,

Shikamoo Baba, na amani ya Mungu iwe nawe hapo Wete. Sisi huku wazima. Afra ana mafua, lakini mafua ya huku hayahesabiwi kuwa maradhi. Nijulishe hali yako, na mguu wako unaendeleaje.

Nina shauri, na najua utacheka. Jumamosi huwa nakodi meza katika ukumbi ulio karibu na stesheni, nauza kanga na udi. Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa Kiingereza na ushanga wa pembe za ndovu, urithi wa mamake. Akaniambia anaona haya kuuvaa tangu biashara ya pembe ilipopigwa marufuku, na akaniuliza kama kwetu kuna kitu cheupe kama ule ambacho hakikuua mnyama. Nilimjibu hakuna. Nilipokuwa ndani ya basi narudi ndipo nikakumbuka makoche. Tulikuwa tukiyatafuna utotoni na kutupa kokwa zake, nyeupe na ngumu kama pembe. Siku moja wewe uliikereza kokwa moja ukanifanyia kishanga, na marehemu Mama akakugombeza akidhani umempa mtoto pembe achezee.

Baba, mashine yako ya kukereza imelala tangu marufuku ile, na wewe umelala nayo. Nitengenezee pete chache na shanga. Sufian, mtoto wa shangazi, yuko hapo likizo na atarudi mwezi ujao. Siku hizi anakaa Hayes, kapata kazi ghala la uwanja wa ndege. Mpe yeye aniletee.

Ni mimi mwanao,
Mwanamwema


Wete, Pemba
2 Aprili 1997

Mwanangu Mwanamwema,

Salamu zako nimezipokea, nami nakurudishia zaidi yake. Mimi mzima. Mguu uko pale pale ulipouacha. Mpe pole Afra.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani macho yamenidanganya. Mimi nimekereza pembe tangu sina ndevu. Kazi zangu zimevaliwa na mabibi harusi wa Muscat na Bombay. Leo mwanangu wa kumzaa ananiambia nikereze kitu wanachokitema watoto njiani.

Haya, nimekereza. Nilianza ili nikuandikie kuwa haiwezekani. Kokwa ya koche ina uwazi katikati, ukiikata kwa upana pete inajitokeza yenyewe, kilichobaki ni kuilainisha. Rangi yake si mbaya. Inapokea msasa. Lakini haina ule ubaridi wa pembe, na tupa inaila upesi mno, unafanya kazi huku umeshika pumzi. Nimempa Sufian mfuko mzima. Ukiwauzia watu, usiwatajie kuwa ni kazi ya Msabaha.

Baba yako


Barking
20 Julai 1997

Kwa mpenzi Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo na mguu umepata nafuu. Sisi salama, na mwaka huu jua limekumbuka hata London.

Pete zimekwisha, Baba. Wazungu walinunua mbili tatu, na moja nilimpa Adelina, mwenzangu wa kazini kwenye nyumba ya wazee, mtu wa Bukoba. Zilizobaki zilikwenda siku moja. Tulikuwa kwenye maulidi nyumbani kwa Bi Zuwena. Huyu ni mtu mzima wa Unguja, yuko huku tangu sitini na nne, na anachovaa yeye wiki hii wanawake wote watakivaa wiki ijayo. Akaichukua pete, akaigeuza, akauliza mbele ya watu wote, hii si pembe hii? Nikaapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa ni koche, hakuna ndovu aliyekufa. Akaivaa pale pale. Akatoa na maneno marefu kuhusu wanyama na dhulma, mpaka chai ikapoa.

Afra naye kavaa yake shuleni, na mwalimu kamsimamisha mbele ya darasa aieleze. Kaniletea hadithi yote kwa Kiingereza, mimi namuuliza kwa Kiswahili, tukaelewana hivyo hivyo.

Unisamehe, nimewatajia jina lako. Nilijisikia fahari nikashindwa kunyamaza. Ongeza nyingine, na ndani ya bahasha nimetia nyuzi nilizopimia vidole vyao.

Mwanao,
Mwanamwema


Barking
3 Novemba 1997

Kwa mpenzi Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi imeingia. Nakuombea afya.

Habari si nzuri. Pete zinapasuka. Ya Bi Zuwena ilipasuka akiwa kwenye sinki, na baada yake zikafuatana, mmoja baada ya mmoja ananipigia simu. Ya Adelina tu ndiyo iko vile vile. Nilidhani ni bahati yake, kisha nikamtazama kazini. Sisi haturuhusiwi pete tukiwa na wazee, kwa hiyo yeye huivua asubuhi na kuivaa akitoka. Tena Adelina ni Mkristo. Wanawake wetu wanatawadha mara tano kwa siku, na kila mara wanaizungusha pete ili maji yapite chini yake. Koche inakunywa maji, Baba. Inavimba, ikikauka inapasuka. Mimi na wewe tumetengeneza pete za Waislamu tukasahau udhu.

Niliwashauri waivue wakitawadha. Bi Zuwena akasema vidole vyake vina mafundo, hawezi kupigana na pete mchana kutwa. Wakanirudishia zote ndani ya mfuko wa plastiki. Walinirudishia kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyoniumiza. Nimeona haya, sikufichi.

Mwanao,
Mwanamwema


Wete
1 Desemba 1997

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima.

Tangu nijue kushika tupa hakuna kazi yangu iliyorudishwa. Watu wamenipinga bei, wamenichelewesha, wamenitukana, lakini kurudisha, hapana. Sikula siku ile barua yako ilipofika.

Sufian kaja kuoa, na akirudi atakuwa na kifurushi chako. Nimeipata dawa ya maji. Usiniulize ni nini, hayo ni mambo ya mafundi. Wape wale waliorudisha, kila mmoja yake, nimezipima kwa zile nyuzi za vidole ulizoniletea Julai. Waambie watawadhe, waoge, wafue, wafanye watakavyo.

Baba yako


Barking
15 Februari 1998

Kwa mpenzi Baba,

Shikamoo. Sote wazima. Harusi ya Sufian tumeiona kwenye video, umependeza sana na kanzu ile.

Pete zimefika na zimepokelewa kwa vigelegele. Bi Zuwena aliiweka yake shavuni, akafumba macho, akacheka peke yake. Hakuna hata moja iliyopasuka. Hiyo dawa yako, Baba, Mungu akuzidishie.

Mwanao,
Mwanamwema


Barking
14 Machi 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Natumai nawe u mzima.

Mwezi uliopita Bi Zuwena alinikabidhi pete yake nimpelekee sonara aitie utepe wa fedha ndani isimtoke, maana amekonda. Mwaka mzima wa udhu na haina hata ufa. Nikafurahi, nikataka kumwonyesha Adelina. Tukaziweka pamoja mezani, yake na hii. Kisha nikazitia zote mbili katika gilasi ya maji, siku mbili. Ya Adelina ilivimba ikawa haimwingii tena kidoleni. Hii ilitoka kama ilivyoingia.

Nikaipeleka dirishani. Nimekulia chini ya meza yako ya kazi, Baba, nikiokota vumbi lako. Ile mistari myembamba inayopishana kama uzi wa kitambaa naijua. Koche haina mistari ile.

Nakuuliza pete hii ni ya nini, na nataka unijibu wewe mwenyewe. Niliapa kwa jina la Mungu mbele ya wanawake wale. Na Sufian kapita uwanja wa ndege na kifurushi kile mkononi, uwanja ule ule anaofanya kazi. Angefunguliwa mfuko angekosa kazi na huenda angefungwa, naye ana mke mchanga nyumbani.

Mwanamwema


Wete
10 Aprili 1999

Mwanangu Mwanamwema,

Salamu. Mimi mzima, ingawa hukuuliza kwa moyo.

Ndiyo, ni pembe. Ni kipande kilichobaki cha pembe niliyoinunua kwa muhuri wa serikali, wakati wewe bado hujatambaa. Nilikifunga kwenye kanga kuukuu ya mama yako, kimekaa kabatini miaka yote. Ndovu yule kafa kabla hujaota meno. Nikikiacha kabatini atafufuka? Wao walitaka pete isiyopasuka, nimewapa. Wewe ulishawatajia jina langu, na mimi nimelilinda jina langu. Sufian hakujua, na asiyejua hana dhambi. Wewe nawe uliapa kwa unalolijua. Sasa kosa liko wapi?

Kipande bado kipo, kimebaki zaidi ya nusu. Nyamaza, mwanangu. Watu wameridhika.

Baba yako


Barking
6 Juni 1999

Kwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima.

Sikunyamaza. Nilisimama ukumbini nikawaambia wanawake wote kuwa pete za mara ya pili ni pembe na kwamba kiapo changu kilikuwa cha uongo, ingawa sikujua. Waliovua walivua, nikazipeleka kituo cha polisi. Wakaniuliza zimeingiaje nchini. Nikasema nilizileta mimi. Huo uongo nimeusema nikijua, kwa ajili yako na Sufian. Wakaniandika, wakanionya, wakaniacha niende. Meza yangu ya Jumamosi nimeifunga.

Bi Zuwena alikataa kuvua. Nilimfuata kwake, akanitilia kahawa, akaniambia taratibu: "Mwanamwema, mie nimezaliwa Malindi ya Unguja, pembe naijua kwa shavu. Nilijua siku ile ile. Nyamaza basi, na umwambie baba yako nataka nyingine, binti yangu anaolewa." Huyu ndiye aliyetuhutubia habari za wanyama. Na kabla wiki haijaisha, wawili katika wale waliovua mbele za watu walinipigia simu kwa siri kuniuliza kama zimebaki.

Nimechoka, Baba. Mimi nilitaka kitu kisafi kinachotoka kwetu, chenye mkono wako ndani yake, basi. Nakuheshimu na nitakutumia dawa za mguu kama kawaida. Lakini usiniandikie mpaka kipande hicho kitoke nyumbani mwako. Si kwa kuuzwa wala kukerezwa. Kitoke.

Mwanamwema


Wete
22 Agosti 2000

Mwanangu mpenzi Mwanamwema,

Salamu nyingi kama siku nilizonyamaza. Mimi mzima, dawa zinafika. Nimesikia kwa Sufian kuwa Afra amenizidi urefu.

Mwaka mzima nilikuwa na hasira nawe. Nilisema, mtoto wa London ananipa amri. Kila nilipofungua kabati nilikitazama kile kipande, nikafunga. Sikukikereza, ili nisikuvunjie neno, na sikukitoa, ili usidhani umenishinda.

Wiki iliyopita alikuja mgeni. Riyadh, mtoto wa Bi Zuwena, yuko huku mapumzikoni. Kapiga hodi na kilo ya tende, kanisifu mpaka nikaona haya. Dada yake ndiye anayeolewa, harusi yenyewe ilisogezwa hadi mwaka huu. Wanataka pete, bangili mbili na hereni, vyote vya pembe, vyote mkono wa Msabaha. Sikufichi, nilifurahi. Nikakitoa kipande, nikakipima mbele yake, nikaona pete inatoka, bangili haitoki. Nikamwambia, kwa masikitiko kabisa.

Akasema hilo si tatizo. "Mzee, wewe nitajie ukubwa tu. Bara nina watu, wataangusha mmoja wiki hii hii."

Alilisema kama mtu anayeagiza samaki. Akaendelea kula tende.

Mimi nilikuandikia kuwa yule ndovu wangu kafa zamani, na kweli kafa. Lakini huyu wa Riyadh alikuwa hai, mwanangu. Wakati sisi tumekaa pale barazani, alikuwa mahali fulani anakula majani, na kilichokuwa kinasubiriwa ni mimi nitaje ukubwa. Nikakirudisha kipande ndani ya kanga. Kisha nikamwambia sitengenezi. Akaongeza bei, akaongeza tena. Nikampa viatu vyake.

Kipande nimekipeleka ofisi ya maliasili. Kijana wa pale akanitaka kwanza nimwonyeshe kibali cha kumiliki pembe, ndipo aweze kuipokea. Nikamwambia ningekuwa na kibali nisingekuja. Tukabishana hadi adhana, mwisho akaipokea, akanitaka nitie saini na kunipa karipio ambalo sijalipata tangu chuo cha Kurani. Nililivumilia. Njiani ikabidi nikae kwenye kizingiti cha duka la watu. Wakanipa maji.

Kilitoka jana asubuhi. Leo nimeshika kalamu. Nina hamu nawe sana, mwanangu, na mimi sasa ni mtu mzima, sina mwaka mwingine wa kunyamaza. Niandikie.

Baba yako,
Msabaha