Hotuba Niliyopigiwa Makofi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Ajuaye tulisemalo na tulilolizuia kooni. Sala na amani zimfikie Mtume Wake. Nanyi wasomaji wangu, mlio karibu na mlio mbali, nawasalimu kwa heshima.

Garsen, Jumatano, baada ya sala ya Adhuhuri.

Jua ni kali na hakuna upepo. Maji ya mafuriko yamekwisha kurudi mtoni, na udongo yaliouacha umeanza kupasuka. Moyo wangu umekuwa mzito tangu Ijumaa. Leo nimeona heri niuandike uzito huo kabla sijauzoea.

Nimefundisha balagha kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Wanafunzi wakubwa wa madrasa hujifunza kwangu kutenganisha tashbihi na istiara, kuijua takriri na mahali pake, na kuelewa kwa nini swali lisilotaka jibu huweza kuwa na nguvu kuliko jibu. Marehemu mwalimu wangu wa Kipini alikuwa akituambia kwamba balagha ni kulifikisha neno kwa mwenye kulihitaji. Nimeyarudia maneno yake darasani mara nyingi mno.

Ijumaa nilifanya kinyume chake.

Mama Salome ni mjane, mkulima wa Kulesa. Alikuwa amepanda mahindi na kunde ukingoni mwa mto, mahali ambapo maji yakishuka huacha unyevu wa majuma machache tu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini ng'ombe walipoingia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwenda kumzuru mgonjwa kijijini humo, nikawaona kwa macho yangu wakitoka shambani. Niliwatambua kwa mkato wa masikio. Walikuwa ng'ombe wa Barisa, mdogo wake mke wangu Halima.

Kabla ya Adhuhuri Barisa alikuwa amekaa kwangu, kibuyu cha maziwa miguuni pake.

"Shemeji, usingizi ilinishika," alisema. "Ng'ombe ilitoka kwa malka ikaingia kwa yule mama. Mimi sikupeleka."

Malka ni njia waliyoachiwa ng'ombe ili wafike mtoni bila kukanyaga mashamba. Nilimwamini kwamba hakukusudia. Nikamwambia akawaeleze wazee hivyo hivyo alivyonieleza mimi.

Akacheka kidogo. "Wewe ndiye mtu ya maneno. Mimi nikisema, inakuwa vita. Wewe ukisema, inakuwa dua."

Nakiri kwamba sifa ile ilinipendeza.

Hapa kwetu, wafugaji na wakulima wana utaratibu wao. Shamba likiharibiwa, wazee wa pande mbili hulizunguka pamoja na mwenyewe, kisha hukaa. Aliyeshuhudia humtaja mwenye ng'ombe mbele ya wote. Aliyetajwa huinuka, huilaza fimbo yake chini mbele ya mwenye shamba, na tangu hapo jamaa zake wote wana wajibu wa kuleta mbegu na mikono ya kupanda upya. Bila jina, hakuna anayeinuka. Bila anayeinuka, hakuna mbegu.

Nililijua hilo vyema kuliko wengi waliokuwamo ukumbini.

Tulikutana Ijumaa hiyo katika ukumbi wa paa la mabati, karibu na soko la mifugo. Mzee Godana, mkubwa wa wafugaji, alisema mbele ya watu, "Mwalimu aliona. Atuambie, tuinuke." Hakuwa na hila. Barisa alikuwa nyuma, ameinamisha kichwa. Mama Salome alikuwa mstari wa mbele, mikono juu ya magoti, akinitazama kinywani.

Nikasimama, nikaanza.

Nilisema kwamba mto huu ni mama asiyemnyima mwana yeyote titi. Nilisema kwamba jembe na fimbo vimechongwa kutoka mti mmoja. Nikauliza, ni nani kati yetu ambaye mguu wake haujapita pasipo pake? Nikanyamaza kidogo, kama ninavyowafundisha vijana kunyamaza, ili swali lizame. Nikasema kwamba "kumetokea hasara," nisiseme nani aliyeileta. Nikarudia neno "subira" mwanzoni mwa sentensi tatu mfululizo. Nikamalizia kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Sikusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo linalonitisha.

Kila nilichokitumia kilikuwa halali. Istiara ya mto ilikuwa nzuri. Takriri ilikaa mahali pake. Tafsida ni adabu, na dini yetu inapenda tuwe na adabu. Lakini vyote nilivipanga kama mtu anayepanga mikeka ukutani ili wageni wasione ufa. Na ile methali, ambayo wazee waliitunga iwe dawa, mimi niliitumia kumfunga mdomo mtu ambaye kwake jambo lenyewe lilikuwa halijapita. Lilikuwa bado limelala shambani mwake, limekanyagwa.

Watu walipiga makofi. Mzee mmoja wa Kulesa akatania, "Mwalimu huyu akisema, hata ng'ombe huacha kucheua." Wakacheka, wakulima kwa wafugaji, na kikao kikafungwa kwa amani. Barisa alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mama Salome alinifikia mlangoni.

"Mwalimu, umesema vizuri sana," aliniambia, bila kejeli yoyote. "Hata mimi nilipiga makofi. Lakini jina sikulisikia. Labda nilikuwa mbali."

Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu.

Nilimjibu kwa dua. Namwomba Mungu anisamehe, nilimjibu kwa dua.

Jana nilikwenda Kulesa. Nilimkuta akikata mabua yaliyovunjika kuwapa mbuzi. Niliinama nikajaribu kuchomeka kidole ardhini. Hakikuingia.

"Ijumaa mkono ungeingia hadi hapa," alisema, akinionyesha kifundo cha mkono wake. Kisha akaendelea kukata.

Hapo nikamwambia. Nilimtajia mwenye ng'ombe, nikamwambia kwamba nilijua tangu siku ile ya kwanza. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, "Sasa nitapanda wapi, Mwalimu?" Kwa mara ya kwanza sikutafuta neno zuri la kumjibu. Nilishika mabua tukakata pamoja, mgongo ukiniuma, hadi jua liliposimama utosini.

Leo asubuhi nilimwendea Barisa, kwa kuwa si haki asikie kwa watu au asome hapa. Alinisikiliza akiwa anamkama ng'ombe, hakugeuka.

"Siku ile ulinifunika," alisema. "Leo umenichoka?"

Nikamwambia kwamba sikumfunika yeye. Nilijifunika mwenyewe, nisionekane na watu wa mke wangu kuwa mtu mbaya. Akaendelea kukama. Halima naye nilimweleza niliporudi nyumbani. Alinitengea chakula, akakifunika, akaenda kukaa kwa jirani.

Simlaumu. Barisa ni tumbo moja naye.

Kesho, baada ya Alasiri, wazee watakaa tena kwa shauri jingine, na nimemwomba Mzee Godana niseme kwanza. Barisa huenda akainuka, huenda asiinuke. Mbegu zikiletwa, zitaletwa kwenye udongo uliokauka, na Mama Salome atangoja mafuriko mengine kwa njaa ambayo nimeshiriki kuipika. Sijui kama kweli iliyochelewa bado huitwa kweli, au ni kumbukumbu tu ya deni la Mungu shingoni mwangu.

Nimejaribu kuandaa maneno. Kila nikianza, methali hunijia zenyewe, nazo ni nzuri, nami nazifuta. Yamebaki haya: "Ng'ombe walikuwa wa Barisa. Niliwaona. Nikanyamaza kwa maneno mengi, na mama huyu amekosa msimu kwa sababu yangu." Kisha nitailaza fimbo yangu chini mbele yake, ingawa mimi si mfugaji, nikae.

Mola akuhifadhi wewe usomaye, wewe na wote walio chini ya paa lako. Akupeni riziki ya halali na majirani wakweli, na siku mtakayodhulumiwa, asiwajaalie shahidi fasaha kama mimi. Amin.