Shilingi ya Simba ya Aunty Kavutha

Vero, shika simu. Niko kwa ngazi hapa River Road.

Si unajua ile shilingi ya zamani ya simba, ile babu alimwachia Aunty Kavutha? Leo nimemsindikiza kwa mnunuzi wa sarafu, ndio aiuze amalizie paa la nyumba yake.

Jamaa akaiweka chini ya lenzi, akaguna kama daktari. "Mama, hii imeisha. Manyoya ya simba yamelika yote. Ni kiwango cha chini kabisa, nitakupa tu ya soda."

Ya soda, Vero. Na aunty anaitikia tu, "Sawa, mwanangu."

Lakini mimi naangalia vidole vya jamaa. Sarafu zingine anazitupa kwa mkebe kama njugu. Hii anayosema imeisha anaishika pembeni pembeni, kama yai. Nikamuuliza, "Boss, mbona hii takataka unaibembeleza hivyo?" Akaniangalia kwa jicho kali.

Aunty akaichukua. Akaipumulia, akaanza kuisugua na leso, ati aone vizuri huyo simba.

Jamaa akaruka kutoka kwa kiti. "Usisugue, mama. Utaiharibu."

 

Aunty akamwangalia polepole. "Si umesema imeisha? Sasa naharibu nini?"

Jamaa akaanza kutaja bei ingine, halafu ingine. Aunty alikuwa ameshaifunga kwa leso na kusimama.

"Twende," akaniambia, "tukasikie mwingine atasema nini."