Mkono wa Chura Haukuvunjika

Khayega, Kakamega
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mdogo wangu Mishi anakusomea barua hii ukiwa barazani, goti limepoa na mama amepona mafua. Simu huipendi, nami nina maneno mengi. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi. Mvua hunyesha kila alasiri, obusuma, ugali wao mgumu, nimeuzoea, na mama mwenye nyumba ananiita binti yake ingawa anakicheka Kiswahili changu cha pwani.

Habari kubwa ni ile kazi ya maabara shuleni. Unajua nilipewa mwezi mmoja wa majaribio kwa kuwa sina cheti, na mambo yakienda vibaya nifungashe virago. Basi wiki ya mwisho Mwalimu Makokha, wa baiolojia, akanipa chura aliyekufa nimsafishe mifupa, niipange kwenye ubao kando ya kiunzi cha mifupa ya binadamu, wanafunzi walinganishe. Nilifurahi mno. Nani ajuaye mifupa kumshinda binti wa mwunga mifupa?

Nikachemsha maji, nikasugua kwa mswaki polepole. Kwanza nikakosa mbavu. Nilichuja yale maji kwa chujio la chai mara tatu nikidhani nimezimwaga. Shingo nayo haipo, kichwa kimekalia mabega. Uti wa mgongo ni mfupi, pingili tisa tu, na pale sisi tulipo na kifandugu kidogo, yeye ana kijiti kirefu kilichonyooka.

Nikafika mkononi. Baba, kati ya kiwiko na kiganja palikuwa na mfupa mmoja tu, wenye mfereji katikati. Nikamkumbuka yule mgema aliyeanguka mnazini, akafungwa vibanzi ovyo na mtu mwingine, mifupa miwili ikagandana, asiweze tena kukigeuza kiganja. Ulinishikisha mkono wake ili nijue. Nikasema huyu naye aliungwa vibaya. Nikachukua wembe, nikaupasua mfupa kwa kuufuata ule mfereji, nikavibandika vipande viwili kama vya mtu, nikajisifu.

Kugeukia mkono wa pili, uko vilevile. Miundi ya miguu, vilevile. Nikajua nimeharibu mfupa mzima.

Ningeweza kunyamaza, maana gundi ilikuwa imeficha kila kitu. Lakini wewe husema mwunga mifupa akificha kosa, mgonjwa ndiye hulipa. Niliogopa sana, ila nikambebea mwalimu ule ubao na kumweleza yote. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa ule mkono wa pili.

“Mwanaisha, huyu hakuvunjika,” akasema. “Chura ndio hukuwanga hivyo. Mfupa yake imeshikana ndio akiruka, akitua na mikono, isivunjike.”

Akanieleza kwamba mbavu hana kweli, hewa huisukuma ndani kwa koo. Kile kijiti na nyonga zake ndefu hushikilia misuli ya kurukia, na kwenye kifundo cha mguu ana mifupa miwili mirefu, kama kiungo cha ziada cha kumrusha. Sisi tumeumbiwa kusimama na kugeuza mikono. Yeye kuruka na kutua. Kisha akaniuliza nimejuaje habari ya kiganja kisichogeuka. Nikamsimulia ya mgema. Kesho yake akanisimamisha mbele ya darasa niyaseme hayohayo, na wanafunzi wote wakawa wanageuza viganja juu na chini, wakishikana mikono kuhisi mifupa inavyopishana. Mkono niliopasua aliuacha ubaoni, karibu na ule mzima.

Msalimie mama, bibi anayeniombea dua, kaka Juma na mkewe, na shangazi aliyesema nitarudi kabla sufuria zangu hazijazoea moshi wa huku. Mwambie bado nipo.

Maana Ijumaa nilipewa fomu ya kuajiriwa. Palikuwa na nafasi ya kuandika chuo nilichosomea. Nilitaka kuiacha wazi, Mwalimu Makokha akanikataza, akaniambia niandike ukweli. Nikaandika jina lako, Baba, na chini yake kwetu, Msambweni. Mwalimu mkuu akalisoma, akapiga muhuri.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha