Jumamosi Ndani ya Hodhi

Jumamosi, 25 Januari

Tumefungwa. Tena! Na mbele ya nchi nzima.

Mechi za timu yetu ya mpira wa kikapu za katikati ya wiki huonyeshwa kwetu hapa Milwaukee tu, na tukifungwa inabaki siri ya nyumbani. Lakini ya leo ilikuwa ile ya Jumamosi jioni, ya taifa, yenye watangazaji wa suti na muziki kama wa vita. Babu Ellsworth hujiandaa kwa mechi hizo kuliko anavyojiandaa kwa kanisa. Soksi ya kushoto huigeuza ndani nje. Robo ya nne ikianza, hakuna kubadilisha kiti. Mwaka jana Mama aliunguza maharage jikoni, moshi ukatufikia sebuleni, Babu hakuinuka. Alisema tu, "Yolanda, moto," akaendelea kutazama.

Leo tulikuwa mbele kwa pointi kumi na nne. Nikafunga kitabu changu nikaenda kukaa kwenye kochi kando ya Babu, mahali pa Bibi. Tangu afariki mwaka juzi hapakai mtu, isipokuwa mimi mara mbili. Dakika za mwisho za mechi Bibi alikuwa akiweka mkono juu ya goti la Babu, maana hutetemeka. Sikuwa na mpango wa kushika goti la mtu. Nilitaka tu kukaa hapo.

Dakika saba baadaye tulikuwa nyuma kwa mbili.

Kaka yangu Terrell akanigeukia polepole. Winnie, mechi ngapi za taifa umekaa hapo? Tatu. Na tumeshinda ngapi? Sifuri.

"Nuksi!" akasema. "Tunaishi na nuksi, tunamlisha, tunamnunulia viatu!"

Babu alisogea kidogo. Mbali nami. Nilimwona.

Jumapili, 26 Januari

Baada ya ibada nimewaeleza kwamba mechi tatu hazitoshi kuthibitisha jambo lolote duniani. Nilichora jedwali, kwa rula. Terrell alisema asante profesa, akafuta mafuta ya kuku vidoleni kwa jedwali langu.

Babu alikuwa mpole, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Si wewe mjukuu wangu, alisema, ni mpangilio wa mambo. Kisha akauliza kama Jumamosi ijayo ningeweza kuwa mahali pengine. Mahali gani, Babu? Nje baridi inagandisha machozi! Wakajadili kama bunge. Chumbani kwangu hapana, ni karibu na TV mno. Wakakubaliana: bafuni, mwisho wa korido.

Mama alisema huu ni upuuzi mtupu. Halafu akaniletea mto.

Jumamosi, 1 Februari

Naandika nikiwa ndani ya hodhi la kuogea. Kavu, bila shaka. Blanketi mbili, mto, kitabu kuhusu nyota. Si pabaya. Ila nawasikia wakicheka huko sebuleni na sijui wanacheka nini.

Baadaye: tumeshinda kwa ishirini na moja. Terrell amekuja kugonga mlango. "Kaa humohumo mpaka msimu uishe Juni!"

Lakini nimegundua jambo. Dirisha la bafuni halifungiki vizuri, na hatua tatu tu kutoka hapo ni jikoni kwa Bi Wojcik, jirani yetu, ambaye ana umri wa miaka themanini na moja na masikio yake ni mazito. TV yake inasikika mpaka ziwani. Alipiga kelele: "Ndiyo! Ndiyo, mwanangu!" Kwetu kimya. Nikahesabu. Nilipofika ishirini na nane, sebuleni wakalipuka kwa shangwe.

Nikahesabu tena mara tisa. Kila mara ishirini na saba, ishirini na nane. Yeye ana antena juu ya paa. Sisi tangu Mama akate TV ya kebo tunatazama kwa intaneti, ambayo huchelewa. Yaani mimi, nuksi, nikiwa ndani ya hodhi, najua mambo ya mbele kwa nusu dakika!

Jumamosi, 8 Februari

Sikukusudia. Naapa.

Mchezaji wetu mrefu alikuwa anakwenda kupiga mitupo ya adhabu. Kwa Bi Wojcik nikasikia, "Eh! Yote miwili! Huyu mtu hana mikono?" Ikanitoka tu, kwa sauti: "Anakosa yote miwili!"

Terrell akajibu kutoka sebuleni: nyamaza, nuksi, hata hajashika mpira!

Akakosa wa kwanza. Akakosa wa pili.

Kisha ukaja mtupo wa pointi tatu kutoka kona, nao nikautangaza, kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje. (Huu ni udhaifu wangu. Nauandika hapa ili nisiusahau.) Tulishinda. Wakati wa matangazo ya biashara Babu alikuja hadi mlangoni na sahani ya jibini la kukaanga, lile la moto linalovutika, ambalo hawezi kumwachia mtu hata kipande. Akalipitisha kwa mkono mmoja, bila kutazama ndani, kama anayelisha simba.

"Umejuaje?" akauliza.

Nilifungua mdomo nimwambie. Jibini lilikuwa tamu sana.

"Sijui, Babu," nikasema.

Jumapili, 9 Februari

Amewaambia kanisani! Mzee Purnell, ambaye hukusanya sadaka na hajawahi kujua jina langu, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kinyozi wa Babu naye ana habari. Terrell haniiti nuksi tena. Ananiita Nabii wa Bafuni, na leo ameniachia kiti cha mbele garini.

Jumamosi, 22 Februari

Mzee Purnell alikuwepo, na kinyozi, kwenye viti vya kukunja. Nilitabiri mitupo kumi na tano. Sikukosea hata mmoja. Walikuwa wakiimba jina langu. Nimekaa na magoti kidevuni na sikufurahi hata kidogo.

Jumapili, 23 Februari

Leo nilikwenda kumwambia Babu ukweli. Nilikuwa nimeandika hotuba. Alikuwa anamenya viazi. Kabla sijafungua mdomo akasema, bila kuinua macho, "Bibi yako naye alikuwa anajua mambo kabla. Nilidhani kipaji hicho kimekwenda naye."

Nikarudisha hotuba mfukoni. Nikamsaidia viazi.

Kwa hiyo hali ni hii. Nikisema kweli, mimi si nabii tena, ni nuksi, tena mwongo. Nisiposema, nitakaa ndani ya hodhi kila Jumamosi mpaka nizeeke, na Babu atakuwa kule sebuleni. Nimelitazama jambo hili kila upande. Halina mlango.

Alhamisi, 27 Februari

Theluji hadi magotini. Babu alikwenda kumsafishia Bi Wojcik njia yake. Nikawaona dirishani wakizungumza, Babu akionyesha bafu letu kwa koleo. Amerudi amefurahi sana. Amemwalika kwa mechi ya Jumamosi! Eti mwanamke mpweke kama yule, anatazama peke yake miaka yote, na yuko hapo hapo mlangoni. Atakuja na maandazi ya Kipolandi, yale yenye jemu ndani.

Nimeuliza kama ataacha TV yake imewashwa. Mama ameniangalia sana. Kwa nini aiache?

Ndiyo. Kwa nini.

Jumamosi, 1 Machi

Ndani ya hodhi. Bi Wojcik amefika. Terrell kamkalisha mahali pa Bibi. Jikoni kwake giza, kimya kabisa.

Robo ya kwanza nimesema nina kikohozi. Ya pili nimesema mambo hayaonekani vizuri. Kinyozi amesema nabii akiwa na mafua mtu huvumilia.

Robo ya tatu nikabahatisha mara mbili. Nimekosea zote mbili. Mzee Purnell kasema labda tumwombee.

Robo ya nne. Nimeacha kuandika kwa muda, mikono baridi. Sasa ni hivi: sekunde tisa zimebaki, tuko nyuma kwa moja, mchezaji wetu yule mrefu ana mitupo miwili. Wapinzani wameomba mapumziko ili atetemeke vizuri. Matangazo ya biashara yameanza. Mechi za taifa zina matangazo marefu, ndiyo maana naweza kuandika haya.

Babu aliita kutoka kitini kwake. "Winnie! Anaingiza?"

Nilitega sikio dirishani. Theluji tu.

Nikasema yote. Kwa sauti, kupitia mlango, haraka, bila hotuba. Kwamba sijui. Kwamba sijawahi kujua. Kwamba ni antena ya Bi Wojcik na nusu dakika. Samahani, Babu. Samahani kwa jibini pia.

Tangazo la gari likaimba mpaka mwisho.

Terrell: "Yaani wiki zote hizi tulikuwa tunamwamini *Bi Wojcik*?"

Bi Wojcik: "Mimi? Kwani TV yangu ina sauti kubwa?"

Kisha kochi likalia. Nalijua lile kochi. Ni Babu pekee analifanya lilie vile. Mama akasema, "Baba? Baba, ni robo ya nne!" Hatua zikaja koridoni, moja ya kiatu cha ndani, moja ya soksi.

Amefungua mlango. Amenitazama, mimi na blanketi zangu na kitabu.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui, Babu."

"Hata mimi sijui." Akashusha pumzi. "Sogea."

Ameingia! Ndani ya hodhi! Imechukua muda na ameita jina la Bwana mara mbili. Sasa tumebanana, miguu yake mirefu iko nje ukingoni, soksi imegeuzwa ndani nje. Ameniuliza naandika nini. Nimesema, haya. Amesema niandike kwamba hodhi ni gumu na kwamba angejua angeniletea mito miwili.

Matangazo yamekwisha. Terrell anapiga kelele: Babu, rudi kitini, utatuua, anapewa mpira! Babu anavuta blanketi. Mtangazaji anasema anaudundisha mara moja, mara mbili.

Goti la Babu limeanza kutetemeka. Siwezi kuandika na kulishika kwa wakati mmoja.