Mzinga Haufunguliwi Kila Siku

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza maneno nawe bila shikamoo na sitaanza leo.

Nimefaulu. Wiki iliyopita nilitetea tasnifu yangu ya fizikia kule chuoni Dar, na watahini wote watatu wamekubali. Nimekuja Itigi kwa treni kukuambia mwenyewe, na naandika nikiwa nimekalia kigoda chako nyuma ya nyumba. Mama anachuja asali. Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na ndoo zao hadi mlangoni, wanagombana wao kwa wao, naye anawatazama tu. Ungefurahi kumwona.

Lakini kuna jambo linaniuma. Safari ile ya mwisho uliponisindikiza stesheni, uliniuliza, "Hicho unachopima huko, hasa ni nini?" Nikakujibu, "Baba, hutaelewa." Ukanipitishia chupa ya asali dirishani, treni ikaondoka, nawe ukafariki msimu ule ule. Nilikukosea adabu, Baba. Tena nilikosea kabisa, maana asiyeelewa nilikuwa mimi. Sasa ngoja nikueleze.

Kuna vitu vidogo mno viitwavyo biti za kwanta. Kabla hujaiuliza, biti moja inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, kama ndiyo na hapana. Ukiipima kwa nguvu inashika moja, na ile hali ya mwanzo imeshapotea. Mimi nilichunguza biti mbili zilizounganishwa, zinazopokezana nishati huku na huko. Nilitaka kujua zitafanyaje zikipimwa kwa mguso hafifu usiokoma. Nilifanya yote kwa hesabu, kwenye kompyuta kuukuu ya idara tuliyoitumia kwa zamu.

Mtahini mmoja, mzee mkali, akaniuliza: kama mguso wako ni hafifu hivyo, unajua nini? Na kama unajua, si umeshavuruga? Halafu nikaikumbuka ile mizinga yako miwili.

Nilikuwa darasa la nne. Ulikuwa umeitundika kwenye mti mmoja, nyuki wakaingia yote miwili. Kiherehere changu unakijua. Kila nikitoka shule nilipanda nikafungua mmoja, kuona kama asali imeanza. Siku ya tano nyuki wakahama, na wa mzinga wa pili, ambao sikuugusa, wakawafuata. Nilisubiri fimbo. Wewe ulicheka, ukasema, "Mzinga haufunguliwi kila siku. Unasikilizwa." Ukanifundisha kuweka sikio kwenye gogo, kidogo tu, bila kudai jibu siku hiyo. Leo husikii cha maana, kesho vilevile, lakini baada ya wiki tatu unajua mzinga umejaa au bado.

Basi nikamjibu yule mzee. Mguso mmoja karibu hausemi kitu, ila ukikusanya miguso yote, inasema. Na huvuruga kadiri inavyosema. Hakuna kujua kwa bure. Ukizidisha nguvu, kule kupokezana kunapungua hadi kunakaribia kusimama, na biti usiyoigusa nayo inaumia kwa sababu imefungwa pamoja na mwenzake. Lakini ukizisikiliza zote mbili kwa pamoja, bila kuuliza sauti ipi ni ya nani, kuna nyakati zinafungamana zaidi. Akaandika kwenye karatasi yake, hakuuliza tena.

Mfano wa mizinga una mwisho wake. Asali ipo au haipo hata usiposikiliza, ila biti haina jibu mpaka iulizwe. Hapo ungenibishia mpaka chai ipoe, nami ningekubali nibishiwe tu. Nimeikosa sauti yako, Baba.

Leo asubuhi Mama ameniuliza swali lile lile lako. Neno lile lilinifika mdomoni, nikalimeza. Nikampeleka kwenye mti wa mizinga, tukasogeza ngazi, akaweka sikio lake pale ulipokuwa ukiweka la kwako, nami nikamweleza taratibu mpaka mwisho. Aliposhuka akasema, "Kumbe ulikwenda mbali kusomea kazi ya baba yako."

Pumzika, Baba. Nakuahidi, maadamu niko hai, hakuna mtu nitakayemwambia tena kwamba hataelewa.

Mwanao,
Neema