Saa za Maskati

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Leo nimefanya utoto. Naandika hapa kwa sababu kwenye daftari la ofisi siwezi.

Seva ziko mbili kwenye kile chumba cha baridi, hapa Changamwe. Moja ya kazi – ndiyo inayochapa pasi za malori ya kontena yanayotoka yadi. Ya pili ya majaribio, hiyo yangu, hakuna lori linaloitegemea. Kila setingi naijaribu kwanza huku, ikikaa sawa naihamishia kule. Mwisho wa mwezi inaanza programu mpya, ile ya mwaka elfu mbili, kwa hivyo setingi ni nyingi hata macho yanauma.

Basi kwenye faili la majaribio kuna mstari mmoja wa saa: mashine ifuate saa za wapi. Nikafuta Nairobi. Nikaandika Maskati. Skrini ikaruka saa moja mbele, na pale konani nikaiona saa ya Nyamvula.

Saa moja tu! Naweza kuijumlisha kichwani hata nikiwa nusu usingizini. Lakini kujumlisha ni kitu kingine na kuiona inatembea ni kingine. Ilipofika saa kumi na moja yake nikajua anavua sare, anatoka wodini. Mke wangu anatoka kazini, nami namtazama. Miaka miwili kasoro wiki tatu yuko huko Omani. Mkataba unakwisha tarehe 30.

Daftarini sikuandika. Mueni, mkubwa wetu, ana sheria yake: hugusi setingi kabla ya kuiandika. Safu tano – ilivyokuwa, ilivyo sasa, nani, sababu, mpaka lini. Peni tu, penseli marufuku. Sasa kwenye sababu ningeandika nini?

Alhamisi, 9 Septemba

Kwake saa nne asubuhi. Atakuwa akibadilisha watu bandeji.

Mama aliuliza jana kama nimelipangusa kabati la Nyamvula. Nimelipangusa. Kanga zake bado zina harufu ya udi. Nikafunga upesi isije ikaisha.

Ijumaa, 10 Septemba

Nyamvula hakupiga. Nyumbani Likoni hatuna simu, kwa hivyo hupiga ofisini, kila Ijumaa saa nane. Leo nimekaa mpaka wote wakaondoka. Simu imelia mara mbili, zote za madereva.

Kwenye feri sikutaka kuzungumza na mtu. Mama akauliza, nikamwambia laini zilikuwa mbaya. Nimemdanganya mama yangu mzazi.

Jumatatu, 13 Septemba

Balaa!

Jana nilihamisha faili lote la majaribio kwenye seva ya kazi. Mistari hamsini na mmoja. Nilisoma mmoja mmoja kwa kidole. Ule wa saa nikaupita – jicho limeshauzoea, nikauona ni wa kawaida. Wiki moja tu, na Maskati imekuwa kawaida yangu.

Asubuhi saa mbili pasi zote zikatoka zimeandikwa saa tatu. Mwarandu, mlinzi wa geti la yadi, akakataa kufungua. Ana haki; ameambiwa pasi isiyolingana na saa ya ukutani isipite. Akanipigia kuuliza kama azingoje hizi pasi mpaka zizaliwe. Malori kumi na saba yamepanga foleni hadi barabarani, honi juu ya honi. Nilijua ni nini kabla hajamaliza kusema.

Nimerudisha Nairobi kwa dakika kumi na mbili. Foleni ikaisha adhuhuri. Mueni hakunigombeza. Aliingia, akatazama skrini ya majaribio, akatazama saa yake ya mkononi, akatoka. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 14 Septemba

Mueni ameniwekea daftari mezani. Akauliza kwa nini Maskati. Nikasema nilikuwa najaribu. Akauliza najaribu nini. Nikafunua kurasa za daftari. Ni mtu wa Machakos, maneno yake ya kuhesabu, na habari za nyumbani kwangu hazijui. Sijawahi kumweleza mtu hapa.

Akasema, "Matano, hili daftari halimfukuzi mtu kazi. Mtu anafukuzwa kwa kuacha safu tupu."

Amenipa mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 17 Septemba

Amepiga! Saa nane kamili.

Sauti yake ile ile. Wiki iliyopita hakupiga kwa sababu alikuwa na neno na akaliogopa. Wamempa fomu. Miaka miwili mingine, na safari hii wamfundishe kazi ya chumba cha upasuaji. Tangu namuoa anakililia hicho chumba. Huku aliomba mara tatu, kila mara nafasi akapewa mwingine.

Akasema, "Nitie sahihi ama nirudi? Nambie wewe. Ukisema nirudi narudi, wallahi, na sitakulaumu."

Hapo ndipo aliponimaliza. Yeye hatanilaumu. Nitajilaumu mimi, kila asubuhi nikimwona anakwenda kubadilisha mashuka ya wodi. Nikamwomba anipe siku moja. Atapiga kesho, saa sita yake. Fomu inatakiwa jioni.

Nilipoweka simu nikachukua peni. Kwenye sababu nikaandika: Mke wangu yuko Maskati. Nilitaka kuona saa yake. Nikampelekea Mueni kabla sijabadili nia.

Akasoma. Akarudia kusoma. Nikawa nangoja barua yangu ya kufukuzwa. Akasema kwenye seva ya kazi jambo hili lisirudiwe maisha. Ya majaribio, nikitaka, niiache ilivyo, haimdhuru mtu. Kisha akaligeuza daftari upande wangu, akaweka kidole kwenye safu ya tano. Setingi ya muda lazima iwe na tarehe ya kurudishwa.

"Mpaka lini?" akauliza.

Jumamosi, 18 Septemba

Ofisini, nusu siku. Daftari liko wazi, na hii shajara nimeilaza juu yake.

Mama nimemweleza asubuhi, na uongo wa ile Ijumaa nimeutoa. Alinifungia mkate wa mofa, halafu pale mlangoni akasema hilo ni letu wawili, mimi na Nyamvula, yeye hatii neno.

Namtaka nyumbani. Nimeandika, basi. Nataka kusikia malapa yake uani. Nataka anisute nikiacha taulo kitandani. Nimechoka kuwa mume wa kona ya skrini. Na nataka pia avae ile kofia ya kijani ya upasuaji, asimame kwenye chumba alichokililia, ajue kwamba sikumzuia. Nayataka yote mawili, na safu ni moja.

Ilipofika saa tano na nusu yake nikajaza kwa penseli: 30 Septemba 1999. Nikafuta. Nikaandika 30 Septemba 2001. Nikaiangalia ile moja ya mwisho, nikafuta. Karatasi imeanza kuota manyoya pale.

Mueni amepita nyuma yangu akasimama. "Penseli, Matano." Hakusema kwa ukali. Ametoa peni yake mfukoni, ameiweka juu ya daftari, amekwenda kukaa mezani kwake. Anajifanya anasoma.

Kona inasema saa sita kasoro dakika moja. Nimeandika kwa peni: 30 Septemba. Hiyo ni kweli kwa vyovyote.

Simu inalia. Mueni ameinua macho.

Umebaki kuandikwa mwaka.