Shimo la Kwanza

Dresden, Ujerumani ya Mashariki
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima hapo Kisarawe, na wewe kifua kimekuachia. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Navaa soksi mbili mbili na vidole bado vinauma. Mguu wa mama unaendeleaje? Na sukari imeshafika duka la kijiji, au bado mnakunywa chai chungu?

Baba, nimefaulu! Nilitaka kuanza na hilo hata kabla ya shikamoo, nikajizuia kwa kukuogopa.

Kuna jambo nilikuficha. Mwezi uliopita nilianguka mtihani wa kompyuta. Hapa chuoni ukianguka mara mbili unahamishiwa kozi ya kutengeneza taipureta, na mimi kila nikikumbuka ulivyosimama kwenye mkutano wa kijiji ukasema, "Huyu hataniangusha," chakula kilikuwa hakipiti. Juzi Alhamisi ndiyo ilikuwa mara ya pili.

Ngoja nikueleze mashine yenyewe. Inajaza chumba kikubwa kama darasa lako, inanguruma, na ni jinga kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Huwezi kuiambia tu "jumlisha namba hizi." Lazima uiamuru hatua moja moja: nenda chumba fulani cha kumbukumbu, chukua namba iliyomo, iongeze kwenye ile uliyoshika, sogea chumba kinachofuata, rudia. Kila amri unaitobolea kadi yake, unazipanga kadi kwa zamu, mashine inazisoma. Ukikosea kidogo haikuonei huruma. Lakini ikikutii, baba! Unajiona umesema na chuma na chuma kimekusikia. Naipenda kazi hii mpaka najishangaa.

Tulitakiwa kujumlisha namba kumi zilizopangwa katika vyumba kumi. Nikatoboa kadi zangu, nikazikagua, nikampa mwalimu wetu, mama mmoja mkali asiyecheka. Mashine ikatoa jibu la ajabu: namba ya kwanza imeachwa, na badala yake imezolewa takataka ya chumba cha kumi na moja. Kosa lile lile la mwezi uliopita!

"Kwa nini unasogea kwanza, ndipo unachukua?" akaniuliza. "Mara ile nilidhani umepitiwa."

"Mama, ndivyo tunavyoanza."

"Ninyi akina nani?"

Hapo ndipo nikashtuka. Mjomba Selemani na bao alilonifundisha! Nikaomba karatasi nikachora mashimo ya bao, nikaomba na buni zilizokuwa kwenye mkebe mezani pake, ndizo zikawa kete. Nikamwonyesha: ukichota kete za shimo hili, huangushi humo humo, unaanza kugawa shimo linalofuata. Tangu utotoni mkono wangu umezoea kuruka shimo la kwanza. Yule mama akainama, akachota buni mwenyewe, akagawa, akachota tena, mpaka wenzangu wakaacha kazi zao wakawa wanamwangalia yeye.

"Basi kosa umeshaliona," akasema. "Muda haujaisha. Rekebisha."

Sikutoboa hata kadi moja mpya. Nilichomoa kadi ya kusogea, nikaiweka nyuma ya kadi ya kujumlisha, basi. Mashine ikanguruma, ikachapa jibu, na jibu likawa sawasawa! Nilipiga kelele kwa Kizaramo mbele ya Wajerumani, na yule mama akacheka. Wenzangu wanasema hawajawahi kumwona akicheka.

Mpe mama shikamoo yangu, na bibi mwambie dua zake zinafika. Dada Zainabu wa Maili Moja mwambie mwanawe namwekea kadi zenye matundu, atachezea.

La mwisho, baba, naliandika kwa woga. Lile bao ulilomnyang'anya mjomba siku niliyochelewa shule kwa ajili ya mchezo, najua liko chini ya kitanda chako, nyuma ya sanduku la bati. Ulisema litanipoteza, na kweli juzi nusura linipoteze. Lakini ndilo lililonizoesha kushika mashimo thelathini na mawili kichwani bila kuandika popote, na leo ndivyo ninavyovishika vyumba vya mashine hii wakati wenzangu wanapekua madaftari. Najua pia kwamba mjomba hajakanyaga uwanja wetu tangu siku ile. Mama hasemi, lakini ni kaka yake, na linamuuma.

Mrudishie, baba. Na akija kulichukua usimwache aondoke, mwambie akae akufundishe. Nikirudi nataka kucheza na wewe, na nitakuachia uanze.

Mwanao anayekuogopa na kukupenda,
Athumani